Neno Chini ya Sufuria

Mashine ilikuwa imeshindwa tena, na badala ya kukiri imebahatisha: "IU5HIKAIIE", neno ambalo hata mlevi asingethubutu kulitamka.

Miwani alisogeza kiti, akaikuza picha. Ilikuwa sufuria kubwa, ya zile za kupikia shughuli, imefunikwa kifudifudi kwenye sakafu ya uani. Wauzaji waaminifu wa vyombo vilivyotumika hupiga picha ya ndani na picha ya kitako, ili mnunuzi ajionee mwenyewe kwamba chombo hakijatoboka. Kuzunguka ukingo wa kitako kile mtu alikuwa amegonga herufi kwa msumari na nyundo, kinukta baada ya kinukta. Mashine imezoea herufi zilizochapwa. Ilipoona vinukta, ikadhani mikwaruzo.

Yeye alisoma mara moja tu. TUSHIKANE. Mkono wake ukabaki juu ya kibodi, haushuki wala haupandi.

"Mungu wangu," alisema.

"Umeona nyoka?" akauliza jirani yake wa meza ya kushoto, mwanamke mnene mwenye kupenda kujua ya watu.

"Sufuria."

"Sufuria ndiyo ya kukutoa machozi? Haya, bibi harusi, bwana wako kapatikana. Ni mweusi kidogo kwa masizi, lakini ana mikono miwili."

Chumba kizima kikacheka, na Miwani akacheka nao huku akipangusa lenzi zake kwa pindo la blauzi. Jina hilo la Miwani alipewa shuleni kwa utani, na kufikia siku hizo hata msimamizi wake alikuwa halijui lingine.

Kazi yake haikuwa ya kujisifia mbele ya wakwe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kutwa walisikia mabati yakikatwa chini yao. Tovuti iliyowaajiri iliuza vitu vilivyokwishatumika: vitanda, redio, majiko, viatu vya mtoto aliyekua. Watu wanaouza ni wavivu wa kuandika. Mmoja ataweka picha ya friji aandike "friji nzuri sana", basi, kamaliza. Lakini mashine hulitazama lile friji pichani, ikaliona jina la kiwanda mlangoni, ikalinakili na kulihifadhi. Kesho mtu akilitafuta jina hilo, ataletewa friji ambalo mwenyewe hakulitaja kokote. Panapokuwa na herufi zilizofifia, au zilizopinda, au zilizoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, picha huletwa kwa Miwani na wenzake. Msimamizi aliwaita macho ya kukodi. Wanaandika kilichoandikwa, wanabonyeza, na neno lililokuwa limelala pichani linaamka.

Sasa hili la Tushikane lilikuwa limelala miaka mingi, na lilikuwa limelala vibaya.

Tushikane kilikuwa chama cha kinamama wa mtaani kwao. Penye harusi wanapika wao, penye msiba wanapika wao, na vyombo ni vyao. Mama yake Miwani alikuwa mtunza vyombo. Ndiye aliyekaa na msumari na nyundo akaligonga jina la chama chini ya kila sufuria, na herufi zake zilijulikana: A isiyo na mstari katikati, kwa sababu alisema mstari ule ni kupoteza nguvu. Kisha ukatokea msiba wa jirani, watu wakala, vyombo vikaoshwa. Asubuhi sufuria kubwa kuliko zote haikuonekana. Vyombo viko mikononi mwa nani? Mwa mtunza vyombo. Mwenyekiti wa chama aliitisha kikao, na kikao hakikuchukua muda. Hakuna aliyesema neno "mwizi". Walisema "tunamwachia Mungu", na waliosemwa hivyo wanajua kwamba hilo ndilo tusi lenyewe.

Tangu hapo mama hakualikwa kumenya hata kitunguu. Aliishi kwa kupiga pasi nguo za watu, na wateja wake wakaanza kuwatuma watoto waje na mabunda ya nguo ili wao wasisalimiane naye. Shuleni Miwani aliulizwa kama kwao wanalalia sufuria. Alimchukia kila aliyeuliza, na kwa siri, kwa sababu alikuwa mtoto, alimchukia kidogo na mama.

Na sasa mdogo wake alikuwa anaolewa. Miwani alikuwa amejikaza akaenda kwa Mwenyekiti kuomba chama kije kipike. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tutakuja, mwanangu, kwa nini tusije?" alisema. "Mwambie mama yako airudishe ile sufuria, tutakuja siku hiyo hiyo."

Hasira zilimpanda Miwani akaropoka. Alisema siku hizi hakuna kitu kinachofichika. Alisema huko anakofanya kazi, mtu akiandika tu neno Tushikane, na sufuria ikawa inauzwa popote pale, picha yake itatokea yenyewe, na hapo itajulikana aliyeichukua ni nani. Mwenyekiti alimwangalia kwa makini. Kuanzia siku ile, kila amalizapo chai ya asubuhi, Mwenyekiti alikuwa anamwita mjukuu wake na simu, anamwambia, "Hebu nitafutie lile neno."

Kwa hiyo Miwani alipoiona sufuria, furaha ilimjia kama maji ya bomba lililokuwa limekatika. Alijiona akiingia kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi. Aliweka vidole kwenye herufi, akaandika T, akaandika U. Kisha, ili afurahi vizuri zaidi, akaikuza picha kumtafuta mwizi.

Sakafu ya ule uani ilikuwa ya saruji, na pembeni ya sufuria, karibu na mlango wa kijani, palikuwa na alama ya unyayo wa mtoto, vidole vitano na kisigino. Unyayo ule aliujua. Ulikuwa wake. Aliukanyaga akiwa na miaka sita, saruji ikiwa mbichi, na fundi alitaka kumchapa, na mwenye nyumba akamkinga kwa kanga yake akicheka mpaka akakaa chini. "Mwache!" alimwambia fundi. "Sasa nina mtoto wa kudumu nyumbani kwangu."

Mwenye nyumba yule ni Bi Kicheko.

Miwani aliondoa mikono kwenye kibodi. Akafuta ile U, akafuta na T.

Watu wote walipomsusa mama, Bi Kicheko hakumsusa. Alikuja kila alasiri, jua na mvua. Mama alipiga pasi, yeye alikunja. Alikunja mashati ya watu wasiomsalimu rafiki yake, na kila shati alilitolea mzaha kuhusu mwenyewe, kitambi chake, shingo yake, jasho lake, mpaka mama akalazimika kuiweka pasi chini ili acheke. Miwani hakuwahi kumwita jina lingine ila mama mdogo. Na kumbe sufuria ilikuwa kwake!

Kazini kwao, picha ambayo mtu hakutaka kuiamua huwekwa kando mpaka kesho, nao waliiita kiporo. Miwani akaiweka kiporo.

Aliporudi nyumbani aliwakuta wote wawili mahali pao, mama mezani na pasi, Bi Kicheko kwenye kigoda amezungukwa na nguo.

"Huyo kaja," alisema Bi Kicheko. "Njoo utoe ushahidi. Hii suruali ni ya mtu au ni ya hema?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umenuna? Wamekukata mshahara?"

"Kichwa tu."

"Kichwa! Mimi nikiwa na umri wako kichwa nilikuwa nabebea kuni, hakikupata nafasi ya kuuma." Akaipiga suruali kofi, akaikunja. "Nyumbani kwangu hakukaliki. Mwanangu anavunja stoo ajenge bafu. Makorokoro yote kayapiga picha anayauza kwenye simu. Nimemwambia ya chini ya magunia aniachie mwenyewe. Sijui kanisikia, vijana hawa masikio yao ni ya kuvalia waya tu."

Alicheka. Mama akacheka. Miwani alimtazama yule mwanamke, mikono yake iliyokakamaa, pengo lake la mbele, akatafuta ndani yake chuki ya kutosha. Hakuipata, na kutoipata kukamwudhi zaidi.

Bi Kicheko alipoondoka, Miwani aliifungua ile picha kwenye simu, akaiweka juu ya meza ya pasi.

"Mama, tazama hii."

Mama alipangusa mikono. Aliitazama picha muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Miwani.

"A yangu," alisema mama. "Bado inasomeka."

"Umeona ni wapi?"

"Mwanangu, ule mlango niliupaka rangi mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua!"

Mama alikaa kwenye kigoda ambacho bado kilikuwa na joto la mwenzake. "Wali uliungua," alisema. "Siku ile ya msiba. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wali, na watu walikuwa wengi, na moto ulikuwa mkali. Mimi nilikuwa napakua. Nilipofika chini nikaona ukoko mweusi wa kukatwa kwa shoka. Nikapakua juu juu, nikafunika, nikanyamaza. Mpishi anayeunguza wali wa msiba, mwanangu, atachekwa mpaka siku atakayopikiwa wake. Usiku akaibeba kwake aisugue pasipo mtu kuona, airudishe alfajiri. Hivyo ndivyo ningefanya hata mimi. Lakini alfajiri Mwenyekiti alikuwa keshaamka anahesabu."

"Na kwenye kikao?"

"Nilimtazama. Akatazama sakafu."

"Kwa nini hukusema, mama? Kwa nini?"

"Nilisema moyoni, leo atasema. Alasiri akaja, akaanza kukunja nguo. Hakusema. Nikasema, kesho. Nikangoja. Niliendelea kungoja mpaka nikasahau kwamba nangoja."

"Na sisi je?" Sauti ya Miwani ilipanda. "Mimi niliyeitwa mtoto wa sufuria? Huyu anayeolewa, atapikiwa na nani? Wewe ulikuwa na rafiki, sisi tulikuwa na nini?"

Uso wa mama ulikuwa wa mtu aliyeguswa kidonda palepale alipokuwa akipakinga.

"Hilo una haki nalo," alisema mwishoni. "Lakini fikiria mwenyewe. Ningesema, ningebaki na jina zuri, mtaa ungerudi kunisalimu, na yeye angejitupa wapi? Yule bila watu hawezi. Mimi naweza." Akasimama, akaichukua pasi. "Na usiniulize cha kufanya. Hiyo mashine ni ya kwenu."

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo wasemavyo watu, lakini hawasemi kata ifanye nini ikishaijua. Miwani alikwenda kazini asubuhi akiwa hajalala sawasawa, na kiporo kilikuwa pale pale, kinangoja kuliwa.

Angeandika neno, na kabla kikombe cha Mwenyekiti hakijakauka, picha ingekuwa mkononi mwa mjukuu. Mtaa mzima ungekuwa mlangoni kwa Bi Kicheko, na safari hii neno mwizi lingetamkwa. Au angelifuta, maana walikuwa na ruhusa ya kufuta majina ya watu yaliyoonekana pichani, na mama angekufa na ile "tunamwachia Mungu" yake mgongoni. Kilibaki kitufe cha tatu, kilichoandikwa Haisomeki. Ukikibonyeza, neno halihifadhiwi, na tovuti yenyewe humwandikia muuzaji: Picha yako ina maneno tuliyoshindwa kuyasoma. Tafadhali tuambie yanasema nini.

Alikuwa amekibonyeza mara nyingi sana bila kumfikiria anayepokea. Siku hiyo alimfikiria. Aliwaza kijana anaitoa simu mfukoni, anainama juu ya sufuria, anainua uso na kumwita mama yake. Akabonyeza.

"Hivi ile sufuria yako iliishia wapi?" akauliza jirani wa meza ya kushoto.

"Imekwenda kwa mwenyewe," alisema Miwani.

Alasiri ile Bi Kicheko hakuja. Mama alipiga pasi, akaweka nguo kigodani zisizokunjwa, rundo likapanda mpaka likaanguka. Siku ya pili hakuja. Mama alikuwa akisikia hatua nje anainua kichwa, kisha anakiinamisha.

"Umefanya nini?" alimwuliza Miwani.

"Sikuandika, mama."

"Sikukuuliza ambacho hukufanya."

Miwani akamweleza kuhusu kitufe. Mama alisikiliza huku mvuke ukimpanda usoni.

"Kwa hiyo umemwulizisha mtu mzima kwa kinywa cha mwanawe," alisema. "Kutwa nzima unasomea watu maandishi, hukusoma hilo?"

Miwani alijuta, tena alijuta hasa. Alikaa akakunja nguo yeye, na mikunjo yake ilikuwa mibovu, mama akawa anaikunjua moja moja na kuirudia. Mdogo wake alipita na daftari la wageni, akaona nyuso zao, akageuza.

Jumamosi, jua likiwa limekwishapanda, walisikia kishindo mlangoni, chuma kikigonga saruji. Bi Kicheko alikuwa amesimama pale anahema, jasho linamchuruzika, na sufuria iko miguuni pake. Alikuwa ameibeba kichwani peke yake, akipita njia za nyuma. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inaumiza macho.

"Wali uliungua," alisema, kabla ya salamu.

"Ulianza kunuka kabla hujafunika," alisema mama.

Bi Kicheko alifumbua kinywa. "Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyepakua, mwenzangu."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Bi Kicheko akakaa chini palepale kizingitini. Miwani hakuwahi kumwona akilia, na hakujua kwamba kilio chake kinafanana sana na kicheko, mabega yaleyale yanapanda na kushuka. "Mwanangu alinijia na simu," alisema. "Mama, wanauliza hapa chini pameandikwa nini. Nikamwambia sijui kusoma."

"Unajua kusoma."

"Ndiyo hivyo! Nimemwambia mwanangu wa kumzaa kwamba sijui kusoma. Akaniamini. Akanionea huruma, akaniambia nisijali, atanifundisha." Akajipangusa kwa kiganja. "Hapo nikaona, basi, nimefika mwisho. Sina tena pa kwenda mbele." Kisha, kwa sauti ndogo: "Ulinichukia?"

"Nilikuchukia," alisema mama. "Kuna asubuhi niliamka nimekuchukia kabisa, nimejiandaa. Ukaja, ukashika shati la yule mwalimu mwenye shingo, ukaanza upuuzi wako. Nikashindwa."

Kuku wa jirani alikuja akajitazama ubavuni mwa sufuria, akaondoka.

"Nisindikize kwa Mwenyekiti," alisema Bi Kicheko. "Kusema nitasema mwenyewe. Lakini kufika pale peke yangu siwezi."

Miwani alimtazama mama. Alidhani atasema hapana, na moyoni alitaka aseme hapana, walau mara moja. Mama aligeukia meza.

"Ngoja nimalize kola hii," alisema.

Akaimaliza. Hakuharakisha. Aliipitisha pasi upande huu, akaipitisha upande ule, akairudia ncha. Bi Kicheko alingoja kizingitini mikono mapajani, kama mtoto nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha mama aliisimamisha pasi, akavaa viatu vyake vya kutokea, akajitanda mtandio.

"Nipeni niwabebee," alisema Miwani.

"Wewe baki na nguo za watu. Na ukunje vizuri."

Sufuria ilikuwa na mikono miwili. Mama alishika mmoja, Bi Kicheko akashika mwingine, wakaiinua. Hawakupita njia za nyuma. Walishika barabara yenyewe, ile ya katikati ya mtaa, ambapo wanawake walikuwa wanaanika nguo na wengine wakichagua mchele vibarazani. Miwani aliwafuata mpaka kwenye kona akasimama. Mikono ya waliokuwa wakianika ikabaki hewani. Mmoja aliyekuwa anafagia aliacha. Kwa nyuma, wote wawili wakiwa wamepinda upande kwa uzito, mtu asingeweza kusema ni yupi anamsindikiza mwenzake.

Karibu na nyumba ya Mwenyekiti waliitua. Wakapumua. Bi Kicheko alisema kitu ambacho Miwani hakukisikia, mama akatikisa kichwa. Wakabadilishana pande, kila mmoja akapumzisha mkono uliochoka, wakainua tena.